Jackie Chan apewa Chui wa Locarno: stelingi aliyelipa kwa mifupa yake

Mtu aliyekulia Singida mjini, Manyoni au Kiomboi enzi za kanda za video hahitaji kuelezwa Jackie Chan ni nani. Kibanda kilikuwa na deki, televisheni moja, mabenchi ya mbao na jenereta ikinguruma nje. Ubaoni kwa chaki: leo muvi ya ngumi. Watoto walimwita Jakichani, na muvi ikiisha kila mmoja alitoka akirusha mateke. Kwa mji uliojaa mawe makubwa kama Singida, mahali pa kujaribia kuruka hapakukosekana.

Agosti 9, 2025, stelingi huyo akiwa na miaka 71 alipanda jukwaani kwenye tamasha la filamu la Locarno, Uswisi, akapewa tuzo ya heshima kwa kazi ya maisha yake yote. Nembo ya tamasha hilo ni chui, na tuzo zake huitwa hivyo hivyo, Chui.

Locarno ni mji mdogo kando ya ziwa. Tamasha lake lilianza mwaka 1946 na linajulikana kwa filamu za watu wanaojaribu mambo mapya, zile ambazo mwenye kibanda asingethubutu kuziweka maana wateja wangedai hela yao. Usiku filamu huonyeshwa nje, kwenye uwanja wa katikati ya mji unaoingiza watu wapatao 8,000. Aliyewahi kukaa Ngome Kongwe, Zanzibar, wakati wa tamasha la ZIFF anaijua raha hiyo ya kutazama sinema chini ya nyota.

Sasa mtu wa ngumi alifuata nini huko? Jibu liko kwenye filamu zake mbili zilizochaguliwa kuonyeshwa: Project A ya mwaka 1983 na Police Story ya mwaka 1985. Zote mbili ameziongoza mwenyewe. Watu wengi wanamjua kama mpiganaji tu, wakati yeye ndiye alikuwa akipanga kamera ikae wapi, meza ianguke lini na adui arushwe upande gani.

Alizaliwa Hong Kong Aprili 7, 1954. Wazazi wake walikuwa wafanyakazi wa ndani kwenye nyumba ya ubalozi, baba akiwa mpishi. Walipohamia Australia kikazi, mtoto aliachwa kwenye shule ya opera ya Kichina chini ya mwalimu Yu Jim-yuen. Alikaa humo miaka 10 akijifunza kuimba, kupinda mgongo, kuruka sarakasi na kupigana kwa mpangilio, na fimbo haikuwa mbali. Sammo Hung na Yuen Biao, ambao mashabiki wa muvi za Hong Kong wanawajua vizuri, walisoma naye.

Alipotoka hapo opera ilikuwa imeishiwa watazamaji. Kazi iliyobaki ilikuwa kuanguka. Kwenye Fist of Fury ya Bruce Lee, mwaka 1972, ndiye aliyerushwa kwa teke badala ya mwigizaji wa adui mkuu. Mwaka uliofuata alikuwemo tena kwenye Enter the Dragon, mmoja wa wale wanaopigwa na kusahaulika.

Bruce Lee alifariki Julai 20, 1973, na maprodyuza wakaanza kusaka Bruce Lee mwingine. Walimjaribu Jackie kwa sura ya ukali, ikagoma. Alipata njia yake mwaka 1978 kwa Snake in the Eagle's Shadow na Drunken Master, akiwa stelingi anayepigwa kwanza, anayeumia na kupuliza mkono, anayekimbia akizidiwa. Bruce Lee hakuwahi kuonekana anaogopa. Jackie aliogopa mbele ya kila mtu, na kibanda kizima kikacheka naye.

Uoga mwingine haukuwa wa kuigiza. Kwenye Project A alitakiwa kuning'inia kwenye mnara wa saa kisha aachie, apasue vitambaa vya kivuli akishuka hadi chini. Alisita siku kadhaa kabla ya kuachia mikono. Kwenye Police Story aliteleza kwenye nguzo ndefu iliyozungushiwa taa za umeme ndani ya jengo la maduka, akaungua viganja na kuumia mgongo na nyonga.

Iliyokaribia kumuua ni ya mwaka uliofuata. Wakitengeneza Armour of God nchini Yugoslavia, aliruka kuelekea kwenye mti, tawi likavunjika, akaanguka na kichwa kikapiga jiwe. Fuvu lilipasuka, akafanyiwa upasuaji wa dharura. Hadi leo ana tundu lililozibwa kichwani na sikio la kulia halisikii vizuri. Si ruko kubwa, ukiitazama. Yale makubwa yote aliyapita, akaja kudondoshwa na tawi.

Kampuni za bima hazikutaka kusikia habari zake wala za kikosi chake cha wanasarakasi, hivyo matibabu ya vijana wake yakawa mzigo wake mwenyewe.

Kwa Afrika Mashariki, muvi hizi zilipata maisha ya pili kupitia watafsiri. Tanzania ilikuwa na Lufufu, jina la kazi la Derek Mukandala, ambaye sauti yake iliweka Kiswahili juu ya muvi za nje. Kenya ina DJ Afro, Uganda ina VJ Jingo. Lakini muvi za Jackie hata bila mtafsiri zilieleweka. Mtu akigonga goti kwenye ngazi, nani anahitaji tafsiri?

Tuzo hii si ya kwanza kubwa kwake. Novemba 2016 alipewa Oscar ya heshima, na siku hiyo alikumbusha kwamba ilimchukua miaka 56 kwenye filamu na mifupa mingi kuvunjika kuifikia. Wenzake wanaoanguka wamesubiri zaidi. Aprili 2025 ndipo waandaaji wa Oscar walipotangaza tuzo ya wapangaji wa matukio ya hatari, itakayoanza na filamu za mwaka 2027. Kwa miaka mingi, mshona nguo za filamu na mpaka vipodozi walikuwa na tuzo yao. Anayeruka kutoka ghorofani hakuwa nayo.

Project A na Police Story bado zinapatikana. Ukizipata, usizime majina yanapoanza kupanda mwishoni. Hapo ndipo Jackie alipoweka vipande vilivyokosewa: vijana wanaodondoka vibaya, damu, machela, na yeye mwenyewe akiinuliwa na wenzake.