Mlango wa Upande wa Bahari

Tarehe 25 Agosti 1896, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla Unguja. Khalid bin Barghash, mtoto wa baba yake mdogo, aliingia kasri bila ridhaa ya Waingereza, na minong'ono ikaenea kwamba ndiye aliyempa marehemu sumu. Siku mbili baadaye manowari za Uingereza zililipiga kasri kwa muda usiofika saa moja. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Yeye alikuwa ameshakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani.

Mimi natoka Jorodom, Manyara, ambako bahari tuliijua kwenye ramani. Sasa nasomea uzamili wa historia, na katika kisa hiki mizinga hainishughulishi kama ule mlango wa ubalozi. Waingereza walitaka wakabidhiwe mtu wao. Wajerumani wakakataa: mkataba wa kurudishiana wahalifu haukuwahusu wafungwa wa kisiasa. Askari wa Kiingereza wakawekwa nje, wamkamate akitia tu mguu barabarani.

Tarehe 2 Oktoba, maji yalipojaa, mashua ya manowari ya Seeadler ilisogea hadi kwenye lango la bustani ya ubalozi. Khalid akaingia bila kukanyaga ardhi ya Zanzibar. Akapelekwa Dar es Salaam, makao makuu ya koloni lililoimeza hata Mbulu yetu. Waingereza walimkamata mwaka 1916, wakamhamishia Shelisheli na Saint Helena. Alifariki Mombasa mwaka 1927. Uhamisho ule ulikuwa adhabu ya siasa, si hukumu ya kesi ya sumu.

Novemba 2016, Julian Assange alihojiwa ndani ya ubalozi wa Ecuador jijini London, baada ya miaka minne ya mabishano. Maswali ya Sweden yalisomwa na mwendesha mashtaka wa Ecuador. Basi hifadhi humkinga mtu na pingu, lakini si lazima imkinge na swali.

Unguja mwaka 1896, mataifa mawili yaligombania mwili wa Khalid tu. Kama aliua, Hamad hakutendewa haki. Kama hakuua, hakupata baraza la kujisafisha, na mnong'ono ule bado unatembea na jina lake.