Bwawa la Mikunga la Vedius Pollio: Anasa na Utumwa katika Roma ya Kale

Hapa Kigali, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi, neno mkunga hutukumbusha mzalishaji kuliko samaki. Watu wa pwani wanamjua mkunga mwingine: samaki mrefu kama nyoka, mwenye meno makali, anayejificha katika miamba na kuwinda samaki na pweza. Leo wapo wanaomfuga nyumbani katika tangi la kioo lenye maji ya chumvi. Insha hii inaonyesha kwamba ufugaji huo ni wa kale, na kwamba huko Roma ulifungamana na utumwa.

Mwandishi Pliny anaeleza kuwa Gaius Hirrius ndiye wa kwanza kuwatengenezea mikunga bwawa lao peke yao. Julius Caesar alipohitaji mikunga 6,000 kwa karamu za ushindi wake, Hirrius alikataa kuwauza. Aliwakopesha kwa kipimo cha uzito. Pliny anamtaja pia Antonia, aliyemvisha mkunga wake herini, na watu wakasafiri kwenda kumtazama. Bwawa lilikuwa kipimo cha hadhi ya mwenye nyumba.

Tajiri Vedius Pollio alivuka mpaka huo. Kwa mujibu wa Seneca, siku moja alimkaribisha Kaisari Augustus chakulani. Mtumwa akavunja bilauri ya kioo adimu, na Pollio akaamuru atupiwe mikunga. Kijana yule alikimbilia miguuni pa Augustus. Augustus akaagiza aachiliwe, bilauri zote zivunjwe, na bwawa lifukiwe.

Wengi huisoma habari hii kama sifa ya huruma ya Augustus. Nina sababu tatu za kutokubaliana nao. Kwanza, Seneca aliandika miongo kadhaa baada ya Pollio kufa mwaka 15 KK, katika kitabu kuhusu hasira. Alitafuta mfano wa kufundishia watawala. Majina ya mabwana yamehifadhiwa, la mtumwa halipo. Pili, mtumwa hakuomba uhai. Aliomba afe kwa njia nyingine, asiwe chakula cha samaki. Ombi hilo linaonyesha kwamba kuuawa na bwana hakukuwa jambo la ajabu. Cha ajabu kilikuwa bwawa. Tatu, Augustus alimwokoa mtu mmoja, lakini sheria iliyompa bwana mamlaka juu ya uhai wa mtumwa ilibaki palepale.

Dio Cassius anaongeza kwamba Pollio mwenyewe alitoka katika ukoo wa watumwa walioachwa huru. Kwa hiyo ukatili wake hauelezwi na damu ya kibwana, bali na mfumo uliomruhusu aliyepanda ngazi kuwatendea wengine yale ambayo wazee wake wangeweza kutendewa.

Kwa hiyo tunaposoma juu ya mabwawa ya Waroma, tusiishie kwenye bei ya samaki na herini za Antonia. Mwanahistoria aulize pia ni nani aliyesimama karibu na maji, na kwa nini hana jina.