Tangu Zizi la Ng'ombe Hata Kasri la Mlimani

Mgeni mkwasi awasilipo leo Megève, katika milima ya Alpi upande wa Ufaransa, akapokewa katika shale, yaani nyumba ya mbao ya mlimani, yenye meko ya mawe, magodoro laini na madirisha mapana yaelekeayo jua, aghalabu hudhani kuwa anasa ile ni ya kale kama bonde lenyewe. Kumbe umri wake ni karne moja tu, na nyumba iliyokuwa mama yake ilikuwa nyumba ya taabu, ambamo binadamu na mifugo walilala chini ya paa moja.

Bonde hilo, lililo kimo cha mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, ni sehemu ya Savoia, nchi iliyotiwa katika dola ya Ufaransa mwaka 1860. Ahali zake walikuwa wafugaji, ambao wakati wa joto waliwapandisha ng'ombe kwenye malisho ya juu na kugandisha maziwa yawe jibini, na wakati wa baridi wakarudi kujisitiri nyumbani. Nyumba hizo zilijengwa kwa hekima isiyoandikwa kitabuni: chini mawe, juu mbao, ng'ombe karibu na maskani ya watu, ili joto la miili yao liwafae wote, darini majani makavu, yaliyokuwa akiba ya chakula cha mifugo na papo hapo kinga ya baridi, na juu ya yote paa pana lenye mwinamo mdogo, ili theluji ikae palepale wala isiporomoke, kwa kuwa theluji nayo huzuia joto lisitoroke. Kando, mbali kidogo na nyumba, kilisimama kighala cha mbao kilichohifadhi nafaka, nguo za sikukuu na hati za mashamba, ili moto ukiiteketeza nyumba usiteketeze na urithi. Hata hivyo hekima hiyo yote haikutosha kuwashibisha watu, na ndiyo sababu wanaume wengi wa Savoia, pamoja na watoto wao wadogo, walikuwa wakishuka kila mwaka kwenda miji ya mbali, Paris ikiwemo, kufagia masizi katika dohani za nyumba za wengine. Baridi iliwafukuza kwao.

Waliotangulia kuigeuza baridi kuwa riziki ni Waswisi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1864 mwenye hoteli wa St. Moritz, Johannes Badrutt, aliwaahidi wageni wake Waingereza kwamba wakirudi wakati wa theluji watastarehe, na wasiporidhika atawalipia safari. Wakarudi, wakaridhika, na tangu hapo matajiri wa Ulaya wakaizoea njia ya St. Moritz. Miongoni mwao alikuwa Noémie de Rothschild, ambaye baada ya Vita Kuu ya Kwanza alitaka Ufaransa nayo iwe na mahali pa heshima kama hiyo. Akaichagua Megève, na mwaka 1921 hoteli yake ikafunguliwa katika mteremko wa Mont d'Arbois.

Lakini hoteli si nyumba. Mwaka 1925 alifika Megève msanifu kijana, Henry Jacques Le Même, mzaliwa wa Nantes, na Bi Noémie akamtaka amjengee maskani ya faragha. Jambo ninalomsifia msanifu huyo, na kwangu ndilo kubwa kuliko mengine yote aliyoyafanya, ni kwamba hakuleta kasri la mjini akalipachika mlimani, bali aliitazama nyumba ya mfugaji kwa adabu ya mwanafunzi. Akalibakiza paa pana, akaubakiza ukuta wa mawe chini na mbao juu. Ila mahali pa zizi akaweka vyumba vya huduma na vya kuwekea ski, yaani mbao za kutelezea thelujini, na sebule akaipandisha ghorofani, juu ya theluji, penye mwanga. Mfano huo, ulioitwa shale ya mtelezaji, ulipendwa mno hata akajenga nyingine nyingi, na wajenzi wa mabonde mengine wakauiga.

Mwaka 1933 likaja gari la kamba la Rochebrune, lililowapandisha watelezaji kileleni bila jasho. Mwaka 1937 Émile Allais, mzaliwa wa Megève, akashinda medali tatu za dhahabu katika mashindano ya dunia ya kuteleza kwa ski huko Chamonix. Na vijana wa bonde, ambao babu zao walifukuzwa na baridi, wakapata kazi kwa sababu ya baridi hiyohiyo.

Leo hata vile vighala vya nafaka, baadhi yake, vimegeuzwa vyumba vya wageni, na majina yanayotajwa katika tarikhi ya anasa hii ni ya mabwana na mabibi wa mali pamoja na msanifu wao. Nawasihi watakaoiandika tarikhi hiyo baada yetu waanze na wafugaji wa Savoia, kwa maana ramani ya nyumba ile ni yao.