"Russia" ya Kisumu: Jina Linapoamsha Kumbukumbu

Mwambie mwendeshaji bodaboda mjini Kisumu akupeleke "Russia", hatakuuliza pasipoti. Atakufikisha moja kwa moja katika Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Jina hilo la mtaani linatokana na Muungano wa Kisovieti, uliofadhili ujenzi wake. Rais Jomo Kenyatta alipoifungua hospitali hiyo tarehe 25 Oktoba 1969, yeye na Jaramogi walirushiana maneno makali hadharani, kisha walinzi wa Rais wakaufyatulia umati risasi. Idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo. Siku chache baadaye, chama cha KPU kilipigwa marufuku.

Mwanasaikolojia Frederic Bartlett alieleza mwaka 1932 kwamba ubongo hauhifadhi tukio kama picha. Kila tunapolikumbuka tunaliunda upya. Ndiyo maana wazee wawili waliokuwepo wanaweza kukusimulia siku mbili tofauti, na wala hakuna mwongo kati yao. Hata hivyo, kumbukumbu huhitaji kitu cha kuiamsha, na kwa maoni yangu jina hufanya kazi hiyo kuliko mnara. Jina rasmi limebadilishwa, wenyeji wakang'ang'ania lao. Mjukuu anauliza tu, "Kwani mbona Russia?" na babu anaanza kusimulia.