Jina la Mtunzi na Wizi wa Tungo: Gabay ya Wasomali katika Kaskazini Mashariki ya Kenya

Katika uhakiki wa fasihi simulizi nchini Kenya imezoeleka kauli kwamba tungo za aina hiyo ni mali ya jamii nzima, na kwamba mtunzi wake wa awali hajulikani wala hapana haja ya kumjua. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kauli hiyo, ikipelekwa Garissa, Wajir na Mandera, haisimami. Na kwamba mtafiti anayeishikilia huko huenda akashiriki wizi wa tungo pasipo kukusudia.

Aghalabu wizi wa tungo huchukuliwa kuwa zao la mtambo wa kuchapia. Ujerumani ya karne ya 16 ndiyo mfano unaotajwa sana. Mnamo 1524 Martin Luther alitia alama mbili, mwanakondoo na waridi, katika tafsiri yake ya Agano la Kale ili msomaji aitambue chapa halali. Mwaka uliofuata alilalamika kwamba sehemu ya muswada wa mahubiri yake ilikuwa imeibwa na kuchapwa kwingine kabla hajaikamilisha. Luther hakuwa akipokea malipo kwa maandishi yake. Kilichomuuma zaidi ni kuona maneno yakitembea kwa jina lake ilhali yameharibiwa. Mnamo 1785 Immanuel Kant aliipa hoja hiyo msingi wa kifalsafa: kitabu ni usemi wa mwandishi kwa hadhira yake, na anayekichapa bila idhini humsemesha mtu bila ridhaa yake. Hoja ya Kant, basi, inategemea usemi kabla ya kutegemea karatasi. Kama ni hivyo, hatuna sababu ya kudhani kwamba jamii zisizokuwa na mtambo hazikulijua kosa hili.

Wasomali walilijua. Ushairi wao hugawanywa katika makundi mawili makuu. Lipo kundi la hees, ambamo zimo nyimbo za kazi kama za kunywesha ngamia, ambazo aghalabu hazina mtunzi anayetajwa. Na lipo kundi la maanso, ambamo gabay ndiyo yenye hadhi kubwa. Gabay hutungwa kwanza, kisha huwasilishwa ikiwa kamili. Anayeighani baada ya mtunzi sharti aihifadhi kama alivyoipokea na kumtaja aliyeitunga. Andrzejewski na Lewis, katika kitabu chao cha 1964 kuhusu ushairi wa Kisomali, waliueleza utaratibu huu kwa kina. Ni hakimiliki isiyoandikwa. Mahakama yake ni hadhira inayoujua utungo, na adhabu yake ni fedheha.

Umbo lenyewe la gabay husaidia kuulinda utungo. Mshairi huchagua sauti moja, nayo hurudiwa mwanzoni mwa maneno teule katika kila mshororo, tangu mwanzo hadi mwisho. Na juu ya hayo ipo mizani inayopima urefu wa irabu. Neno lililochomekwa na mgeni hujifichua lisipotii sauti au mizani. Pwani ya Waswahili tunajua mbinu iliyo jirani na hii: watunzi wa tendi wengi walitaja majina yao na idadi ya beti mwishoni, wakaufunga utungo kama mtu afungavyo sanduku kwa lakiri.

Nguvu ya utaratibu huu inathibitishwa na tungo za Sayyid Maxamed Cabdulle Xasan, aliyefariki mwaka 1920. Sayyid alitoka katika ukoo wa Ogaden, ambao ndio wenye watu wengi Garissa. Tungo zake zilibebwa na wahifadhi, na Xuseen Dhiqle, ambaye mwenyewe alikuwa mshairi, ndiye mashuhuri miongoni mwao. Kisomali kilipata hati rasmi mwaka 1972, na mwaka 1974 Jaamac Cumar Ciise akachapisha diwani ya tungo za Sayyid alizozikusanya kutoka vinywani mwa watu. Kwa zaidi ya miaka 50 jina la mtunzi lilikuwa limedumu pamoja na utungo wake.

Hata hivyo, tusiipambe desturi hii kupita kiasi. Matoleo ya utungo mmoja hutofautiana, maana kumbukumbu ni ya binadamu. La uzito zaidi ni kwamba buraanbur, utanzu wa wanawake, haukupata wahifadhi wa kuueneza kama gabay ilivyopata. Wanawake wengi walitunga, na majina yao yakapotea.

Kinasa sauti kilileta jambo jipya. Kanda zilizisambaza tungo mbali kuliko mhifadhi yeyote, nao wakimbizi waliofika Dadaab tangu 1991 walikuja na tungo vifuani. Lakini sheria ya Kenya, tangu ile ya Hakimiliki ya 1966 na tena katika ile ya 2001, huilinda kazi iliyokwisha kuandikwa, kunaswa au kupewa umbo la kushikika. Mtunzi wa Garissa aliyeighani gabay yake mbele ya kadamnasi, bila ya yeyote kuinasa, amekwisha kuitangaza kwa mujibu wa mila. Kwa mujibu wa sheria bado hana kitu. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inatambua haki ya jamii, lakini nayo haimfikii mtunzi mmoja mwenye jina. Baina ya sheria hizo mbili pana mwanya, na gabay imeangukia humo.

Nasi wahakiki tumeupanua mwanya huo. Mwanafunzi anaporudi kutoka nyanjani na tungo alizozinasa, mara nyingi huandika jina la aliyemsimulia na jina la kabila, basi. Msimulizi huenda alimtaja mtunzi kabla ya kuanza, kama mila inavyomtaka; mwanafunzi akaukata utangulizi huo akidhani si sehemu ya utungo. Kwa kufanya hivyo amefanya jambo ambalo mhifadhi asiyejua kusoma angelionea haya. Hatuna budi basi kuuliza maswali mawili kila tunapokusanya: nani ameghani, na nani ametunga? Pale ambapo mtunzi hajulikani, tuandike kwamba hajulikani. Pale ambapo ametajwa, kumwita "jamii" ni kumpokonya chake.