Cheo cha Kuku na Cheo cha Mtu

Watupie kuku wachache punje za mtama, ewe msomaji, kisha ukae kimya utazame. Mmoja atakula kwanza. Mwingine akimsogelea atadonolewa. Naye aliyedonolewa atamgeukia aliye chini yake, hata mwisho utamwona mnyonge mmoja akingoja kando, asiye na wa kumdonoa. Mtaalamu wa Norwe, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyaeleza mambo haya katika miaka ya 1920, baada ya kuwatazama kuku tangu utoto wake. Mama zetu vijijini, nadhani, waliyajua zamani.

Sasa twende Tabaka, katika nchi ya Wagusii. Jina hilo lafanana kwa bahati na neno letu lenye maana ya daraja ya watu, lakini wenyeji wake hawakupangwa kwa kudonoana. Mvulana alipanda cheo kwa kutahiriwa, kisha kwa kuoa, kisha kwa kuzaa na kuwaoza wanawe, hata akawa mzee wa kuketi penye hukumu. Cheo hicho hakikuporwa, kilingojewa. Tena kililindwa na ensoni, yaani haya: baba haingii nyumbani mwa mwanawe aliyeoa, wala hawatamkiani maneno ya aibu. Lakini babu na mjukuu hutaniana wapendavyo, kana kwamba ngazi imerukwa kidato kimoja. Kuku hawana jambo kama hilo.

Kisha wakaja Waingereza. Isipokuwa Wagetutu, waliokuwa na mtawala wa kurithi, Wagusii waliamuliwa na wazee wa koo zao, na serikali ngeni ilitaka mtu mmoja wa kumwamrisha. Baada ya kuwashinda kwa bunduki mwaka 1905 na tena mwaka 1908, mwaka ambao Otenyo alimchoma mkuki ofisa Northcote, iliweka machifu. Basi mtu aliyependwa na ofisi, hata akiwa mdogo kwa umri, aliweza kumdai mzee kodi ya nyumba mbele ya wajukuu zake. Hapo ndipo kudonoana kulipoanza hasa.

Siku hizi Tabaka yajulikana kwa mawe ya sabuni. Wanaume huchimba na kuchonga, wanawake husugua kwa maji na msasa. Mchongaji kijana aweza kupata fedha kuliko baba yake. Lakini baba huyo, akiwa mtu wa desturi, akienda kumwona mwanawe atasimama uani, hata mvua ikinyesha, mpaka mwana atoke nje.