Bakteria wa mwilini na ugonjwa wa kucheua tindikali

Ugonjwa wa kucheua tindikali hutokea pale maji makali ya tumbo yanapopanda mara kwa mara kwenye umio na kuleta kiungulia au kuchubua utando wake. Msuli unaofunga mlango wa tumbo huwa umelegea, au sehemu ya tumbo imepenya juu ya kiwambo. Unene na ujauzito huzidisha tatizo.

Bakteria waliingia katika maelezo hayo baadaye. Mwaka 2004 watafiti wa New York walionyesha kwamba umio una bakteria wake wa kudumu, na mwaka 2009 wakapata tofauti kubwa: umio wenye afya hutawaliwa na Streptokoka, ilhali uliochubuka hujaa zaidi bakteria wa aina ya Gram hasi. Kuta za hao wa pili zina lipopolisakaridi, kemikali inayochochea uvimbe na ambayo katika majaribio ya wanyama imelegeza msuli unaofunga mlango wa tumbo. Huenda bakteria hao huanzisha madhara. Huenda pia hufuata tu mahali palipokwisha kuharibiwa na tindikali.

Helicobacter pylori, bakteria wa tumbo aliyegunduliwa na madaktari Warren na Marshall huko Perth mwaka 1982, ana nafasi ya pekee. Akishambulia sehemu kubwa ya tumbo kwa muda mrefu, hupunguza tindikali, na kiungulia hupungua nayo. Mjini Kampala bakteria huyu huanza mapema: uchunguzi wa watoto 427 wa umri wa hadi miaka 12, uliochapishwa mwaka 2010, ulimkuta kwa asilimia 44.3 ya watoto hao. Kupunguza kiungulia hakumfanyi kuwa rafiki, kwani huleta vidonda vya tumbo na saratani ya tumbo. Lakini kumwangamiza si tiba ya kucheua, na mgonjwa anastahili kuelezwa hivyo kabla ya kumeza antibiotiki.

Hospitali ya Mulago, mjini Kampala, imechangia upande wa chakula. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyewahi kufanya kazi hapo, alidai mwaka 1973 kwamba ngiri ya kiwambo, yaani tumbo kupenya juu ya kiwambo, ni adimu Afrika kwa sababu ya vyakula vyenye nyuzinyuzi, ambavyo humwepusha mtu na kujikamua chooni. Yeye alitazama shinikizo la tumbo. Leo inajulikana kwamba nyuzinyuzi za maharage na mtama pia hulisha bakteria wa utumbo mpana, nao hutengeneza asidi za mafuta zinazotuliza uvimbe.

Dawa ya omeprazoli hupunguza tindikali na kuponya michubuko. Hata hivyo, tindikali ikipungua, bakteria wa kinywani huvuka tumbo wakiwa hai na kuenea utumboni, na hatari ya kuhara kunakosababishwa na bakteria Clostridioides difficile huongezeka. Dawa hiyo hiyo hupotosha kipimo cha Helicobacter cha kinyesi au pumzi. Kwa kawaida huachwa wiki 2 kabla ya kupima, na antibiotiki wiki 4.